Mstari wa Kuazima

Kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa kilikuwa kimefika kwenye madeni pale jina la Mama lilipotokea jekundu.

Namwita Mama kwa sababu ndivyo kikundi kizima kinavyomwita, na jina lake halisi limeshasumbuliwa vya kutosha. Anauza samaki wa kukaanga Mbagala. Alfajiri yuko soko la samaki la Feri akigombea vibua na wenzake, jioni yuko nyuma ya karai lake. Katika miaka yote ya kikundi hajawahi kukosa hisa ya Jumapili, hata wiki aliyofiwa na mdogo wake. Siku hiyo alimtuma kijana wake, hela zikiwa kwenye fundo la kitenge, zimehesabiwa kamili.

Simu ilikuwa mkononi mwa katibu, binti mdogo mwenye sauti inayosikika hadi uani. Programu iliyokuwemo niliitengeneza mimi. Ilikuwa na orodha ya wanachama 34 kwa mpangilio wa alfabeti: aliyelipa jina lake jeusi, anayedaiwa jekundu. Katibu alikuwa akishuka nayo kwa kidole gumba na kuyasoma mekundu. Akafika kwa Mama, akalisoma, halafu akanyamaza. Aliyepokea hela ya Mama robo saa kabla ya hapo alikuwa yeye mwenyewe.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Kila aliyeipokea aliisogeza orodha juu na chini ajionee, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika, kwa sababu wapo waliomkuta Mama mwekundu na wapo waliomkuta mweusi. Mzee mmoja alimwona mwekundu, akapanda na orodha hadi mwanzo, akashuka nayo tena, akamkuta mweusi, na majina mawili chini yake mtu mwingine kabisa amegeuka mwekundu. Hakuna aliyecheka. Dada mmoja akasema, kwa upole uliouma kuliko ukali, kwamba huenda Mama ana deni la zamani lililosahaulika.

Nilikuwepo, nimekaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni mwalikwa. Nikaomba simu, nikafungua rekodi za ndani ambazo katibu hazioni, nikaikuta ya Mama iko safi: hisa tatu, tarehe ya siku ile, hana deni. Nikashusha pumzi. Nikamgeukia, nikamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi. Data iko sawa. Ni mwonekano tu."

Akanitazama kidogo. "Mwanangu, hiyo data mimi siioni, na hawa hawaioni. Wao wanaona nadaiwa."

Sikuwa na la kumjibu. Ninachoandika hapa ni jibu nililopaswa kuwa nalo, na limenichukua muda kulipata.

Kilichotokea kinaelezeka, na nataka kukieleza polepole, maana watu wetu wamezoea kuambiwa kwamba mashine zina mambo yake, kana kwamba kompyuta hupandwa na pepo. Haikuwa pepo wala kudra. Kulikuwa na sentensi moja ya maagizo ambayo mimi sikuiandika.

Kioo cha simu ile kilitosha majina tisa kwa mara moja. Wanachama ni 34, lakini programu haitengenezi mistari 34. Inatengeneza michache, kama kumi hivi, kisha inaizungusha. Jina la kwanza likipotea juu ya kioo, mstari wake hautupwi; unachukuliwa, unashushwa chini, unaandikwa jina jingine, unapanda tena ukiwa na mwenyewe mpya. Ni kama sinia za shughuli. Mwenye harusi ya watu mia nne hakodi sinia za kuwatosha wote kwa pamoja. Anakodi chache, wanakula wa duru ya kwanza, sinia zinarudi uani, zinaoshwa, zinapakuliwa upya kwa wa duru ya pili. Mgeni wa duru ya pili hajui nani kala humo kabla yake, wala hana haja ya kujua, mradi huko uani wameosha.

Mimi sikuosha. Maagizo niliyoyaandika yalisema: andika jina; kama mwenye jina anadaiwa, lipake rangi nyekundu. Yakaishia hapo. Hayakusema asiyedaiwa apakwe rangi gani, kwa sababu mstari mpya huzaliwa mweusi, nami nilidhani utakufa mweusi. Mdaiwa wa kweli siku ile alikuwa jina la 3. Mstari wake ukapakwa rangi nyekundu, kwa haki kabisa. Katibu aliposogeza orodha, mstari ule ukapotea juu, ukazunguka, ukarudi kwa chini ukiwa umebeba jina la 13, jina la Mama, na wekundu wa mwenzake haujafutwa. Ukisogeza kwa namna nyingine, au ukirudi nyuma, Mama huangukia mstari mwingine ulio safi, akaonekana mweusi. Deni lilikuwa limegandia mstari, na mstari ulikuwa unatembea.

Kule nilikofanyia majaribio, orodha yangu ilikuwa na majina manane ya kubuni. Kioo kinatosha tisa. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliowahi kuzunguka mbele ya macho yangu, kwa hiyo hapakuwa na sinia hata moja iliyowahi kurudi uani. Niliijaribu programu ile kwa wiki tatu, na kwa wiki tatu kila jina lilikuwa na rangi yake. Kosa lilikuwa limekaa linasubiri jina la kumi na moja.

Tabia hii ya kuazima mistari haikutokana na uvivu wa mtu. Simu ya kwanza ya Android kuingia sokoni, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 192, na mfumo wenyewe ulichukua sehemu yake kabla hujafungua chochote. Mwenye majina elfu moja kwenye simu ile asingeweza kutengenezewa mistari elfu moja, kila mmoja na picha yake na vitufe vyake. Tena kioo cha simu kwa kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Kila mchoro una milisekunde 16 na kidogo, na kuunda mstari mpya kutoka mwanzo kunaula muda huo. Orodha ikichelewa, kidole kinajua: inakwamakwama, inarukaruka, unakosa jina ulilokuwa unalitafuta. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza Android ilikuja na kijenzi cha orodha kiitwacho ListView, ambacho humkabidhi mwandishi wa programu mstari uliokwisha kutumika ili autumie tena. Apple nao waliweka utaratibu kama huo kwenye iPhone. Mwaka 2014 Google walipoleta kijenzi kipya cha kushika nafasi ya kile cha kwanza, walikiita RecyclerView, jina linalotangaza wazi kwamba kazi yake ni kurudisha vilivyotumika vitumike tena.

Kabla ya simu hizi, maktaba ya Swing iliyokuja na Java 1.2 mwaka 1998 ilikwishapita hapo. Ndani ya Swing orodha nzima, hata iwe na majina elfu kumi, huchorwa na kijenzi kimoja kinachogongwa mstari baada ya mstari, na walioiandika walikifananisha wenyewe na muhuri wa mpira. Nimefanya kazi na muhuri huo pia. Kosa lake ni lile lile: ukiutia wino mwekundu kwa ajili ya mmoja ukasahau kuurudishia mweusi, wote wanaofuata wanagongwa kwa nyekundu.

Nayasema haya nikiwa nauheshimu ufundi wenyewe. Mtu mwenye simu ya bei ndogo iliyojaa video za kwaya na picha za wajukuu anafungua orodha ya majina mia tano nayo inateleza kama maji, kwa sababu mistari kumi inafanya kazi ya mia tano. Kuazima hakujawahi kuwa aibu kwetu. Tunaazimana masufuria, majamvi, viti vya msibani. Aibu ni kurudisha chombo cha watu na masizi yake.

Kosa hili lina ndugu yake, nililokutana nalo miezi michache baadaye kwenye programu hiyo hiyo. Tulikuwa tumeongeza picha za wanachama. Mstari unaagiza picha kutoka mtandaoni, mtandao unasuasua, kabla picha haijafika, msomaji ameshasogeza orodha na mstari umeshapewa mtu mwingine. Picha inafika, inapiga hodi kwenye chumba kile kile ilikoagizwa, mpangaji amehama, inaingia hivyo hivyo. Sura ya mmoja inakaa juu ya jina la mwingine. Kwenye mtandao wenye kasi kosa hili ni vigumu kulinasa, kwa sababu picha huwahi kufika mpangaji akiwa bado ndani. Mimi niliyekaa ofisini kwenye intaneti ya waya sikuliona. Aliyeliona ni yule aliyefungua orodha akiwa ndani ya daladala, mtandao ukija na kukata. Ukiyatazama makosa ya namna hii utagundua yana upande: huwaendea wenye simu ndogo, wenye mtandao dhaifu na wenye orodha ndefu, na huwakwepa waliotengeneza.

Mwaka 1979 Mnorwe mmoja, Trygve Reenskaug, ambaye kabla ya hapo alishughulika na programu za viwanda vya kuunda meli, alikuwa mgeni katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Akaandika kurasa chache zilizopendekeza mambo mawili yatenganishwe: kitu chenyewe kikae peke yake, na mwonekano wake ukae peke yake. Deni ni kitu. Rangi nyekundu ni mwonekano wake. Programu nyingi zenye vitufe na orodha leo zimesimama juu ya wazo lile kwa namna moja au nyingine. Nilifundishwa hivyo chuoni, na nikalipokea kama mpangilio wa vyeo: ndani kuna ukweli, nje kuna pambo. Nilipokuja kusoma maelezo yake mwenyewe nikakuta sivyo. Lengo lake lilikuwa kuunganisha picha iliyo kichwani mwa mtumiaji na ile iliyo ndani ya mashine, mtu aone kilichomo kana kwamba anakishika kwa mkono wake. Alitenganisha ili aweze kuunganisha vizuri zaidi. Mimi nikachukua kutenganisha, nikaacha kuunganisha, na Jumapili ile nikaenda kumsomea Mama nusu ya somo.

Katika kazi yetu kasoro za mwonekano huitwa za urembo. Programu ikizimika ghafla, watu huamshwa usiku. Hesabu ikikosewa, mkuu wa kazi anapigiwa simu. Rangi ikikosewa, jina likikaa mstari usio wake, kunaandikwa kasoro ndogo, itaangaliwa kukiwa na nafasi, na nafasi haipatikani. Neno linalofanya kazi yote hiyo ni "tu". Mwonekano tu. Ni neno dogo sana, na nimelitumia mara nyingi mno kuwanyamazisha watu waliokuwa wakinieleza walichokiona kwa macho yao.

Katika kikundi kile neno hilo halina pa kukaa. Mtindo wa kuweka na kukopa kwa hisa na kisanduku ulianza Niger mwaka 1991, kupitia shirika la CARE, miongoni mwa wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma. Ukasambaa nchi nyingi za Afrika, na kwetu tunavijua vikundi vya aina hiyo. Kisanduku kina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu, asiwepo wa kukifungua peke yake. Hela huhesabiwa katikati, mbele ya wote, kwa sauti. Kinachoingia hutangazwa, kinachotoka hutangazwa, salio hutajwa kila mtu akalibeba kichwani hadi wiki ijayo. Utaratibu mzima umejengwa juu ya sharti kwamba jambo la fedha lisilofanyika mbele ya macho ya wote halijafanyika. Kwao kuonekana ndiyo hesabu yenyewe. Nami niliwaletea chombo ambacho ukweli wake umefichwa mahali ninapoweza kufika mimi peke yangu, kisha kilipowadanganya usoni nikawaomba waamini nilichokiona mimi kule ndani. Nilikuwa nimejipa funguo zote tatu.

Kuna pia suala la jina. Kwa Kiswahili jina si la kuitia mtu tu. Mtu ana jina, mtu anajenga jina, mtu anachafuliwa jina. Mstari usiooshwa ulimchafulia Mama jina, na hapo sisemi kwa mafumbo. Anayeuza samaki kwa watu wale wale aliokaa nao mkekani, akachukua mzigo Feri kwa ahadi ya kulipa jioni, mtaji wake mkubwa ni kuwa hadaiwi. Karai linanunulika.

Kule Uingereza kuna kisa ambacho kila anayetengeneza programu anapaswa kukijua. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko lilifunga kwenye matawi yake mfumo wa mahesabu ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa matawi madogo walibanwa na mikataba yao kufidia upungufu. Mashine ikionyesha upungufu, wanatoa mfukoni, wakishindwa, kesi. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na kughushi hesabu, wengine wakafungwa, na kwa miaka mingi waliambiwa mfumo hauna tatizo. Kasoro za Horizon zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa kwenye hesabu zenyewe, mbali na kioo. Lakini ipo moja iliyojulikana mwaka 2015 kupitia tawi la Dalmellington, Scotland, ambayo kila nikiisoma naiona sinia yangu. Mhudumu alikuwa anathibitisha kupokea pauni 8,000. Akabonyeza kitufe, kioo kikaganda, hakikuonyesha kwamba lolote limefanyika. Akabonyeza tena. Kioo kilibaki vile vile, huku ndani kila mbonyezo ukiandika kimya kimya kwamba tawi limepokea pauni 8,000 nyingine. Ilipofika mara nne, vitabu vilidai tawi lina pauni 32,000, tofauti ya pauni 24,000 na fedha iliyopo.

Hapo mwonekano uliharibu kitu chenyewe. Kioo kilikaa kimya na mtu akafanya anachofanya mtu yeyote aliyenyimwa jibu, akauliza tena. Mwezi Desemba 2019 Jaji Fraser wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo. Kati ya mashine kufungwa na sheria kupita kuna robo karne.

Silinganishi. Mama hakupelekwa mahakamani. Dakika kama ishirini ndizo zilizopita kati ya jina lake kusomwa na jambo lenyewe kumalizwa. Lakini njia ni moja, na mlango wake wa kuingilia ni pale fundi anapomwambia mtu kwamba alichokiona hakijalishi.

Aliyelimaliza jambo Jumapili ile si mimi. Ni Mama mwenyewe. Alifungua pochi yake akatoa kitabu chake cha hisa. Tangu programu ije, wengi walikuwa wameacha kuja na vitabu, kwa sababu niliwaambia havitahitajika tena. Yeye aliendelea kuja nacho, na katibu aliendelea kumgongea muhuri kwa kumridhisha. Kitabu kikawekwa katikati ya mkeka, ukurasa wa mwisho uliotumika ukiwa wazi, na watu wakainama.

Kila kikao kina mstari wake, na kila mstari una visanduku vitano, kwa kuwa mwanachama anaruhusiwa kununua hadi hisa tano. Siku ile alinunua tatu. Visanduku vitatu vilikuwa na muhuri. Viwili vilivyobaki vilikuwa vimekatwa kwa kalamu, mstari mmoja mnyoofu katikati. Nikapekua nyuma: wiki ya hisa mbili, mihuri miwili na visanduku vitatu vimekatwa, wiki ya hisa tano, yote mihuri, ile wiki ya msiba, muhuri mmoja na vinne vimekatwa. Kitabu kizima hakikuwa na kisanduku hata kimoja kilichoachwa wazi.

Nikamuuliza katibu kwa nini wanakata. Akanijibu kama anayejibu jambo linalojulikana na kila mtu, kwamba pakiachwa wazi anaweza kuja mtu baadaye akagonga, na tena ili ijulikane kwamba hakununua, isije ikadhaniwa walisahau kumgongea.

Nilikaa na kitabu kile mkononi kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Sentensi niliyoikosa ilikuwa humo, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, wiki baada ya wiki. Maagizo yangu yalisema: kama anadaiwa, paka rangi. Ya kwao yalisema: kama amenunua, gonga, la sivyo, kata. Walijua kwamba palipoachwa wazi si pa mtu, na lolote linaweza kuja kukaa hapo. Wao mstari wao hauendi popote, ni wa karatasi, umeandikiwa mtu mmoja na utabaki wake mpaka kitabu kiishe, na bado hawakukubali kuacha nafasi isiyosemewa neno. Mimi niliyekuwa na mistari ya kupokezana ndiye niliyeacha.

"La sivyo" ni neno tulilolizoea kama kitisho. Lipa, la sivyo tutachukua godoro. Njoo hapa, la sivyo. Katika kazi yangu nimeanza kulisikia kwa namna nyingine, kama neno la kumkumbuka yule ambaye sharti halimhusu. Anayeandika masharti humwaza anayelengwa: mdaiwa, mchelewaji, mkosaji. Wale wengine, ambao ndio wengi na hawajafanya kosa lolote, hawaandikiwi chochote, na kimya hicho ndicho kilichompata Mama. Mtu asiyedaiwa naye anastahili kutajwa kwamba hadaiwi, kila mara, kwenye kila mstari, hata kama inaonekana ni kurudia.

Usiku ule ule niliandika: la sivyo, lirudishie jina rangi nyeusi. Kazi ya nusu dakika. Kisha nikakaa hadi karibu na adhana ya alfajiri nikifanya nilichopaswa kufanya mwanzoni. Niliingiza majina mia mbili ya kubuni, nikatawanya wadaiwa humo kila pembe, nikasogeza orodha kwa kasi, polepole, kwa kurudi, kwa kugeuza simu upande. Nikaondoa pia mzigo wote mabegani mwa rangi: anayedaiwa sasa huandikiwa neno "anadaiwa" na kiasi, na asiyedaiwa huandikiwa "hadaiwi". Mstari unasema kwa maneno, na kila anayeshika simu anasoma kitu kile kile.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kwenye ajenda, kabla ya hisa. Nikasimama nikaeleza kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba Mama hakuwa na deni siku ile wala kabla ya siku ile, na kwamba nilipomwambia ni mwonekano tu nilikosea mara ya pili. Nikaomba iandikwe. Katibu akaiandika kwenye daftari la kumbukumbu, akaisoma kwa sauti yake ile. Mama hakusema kitu. Aliitikia kwa kichwa, akafungua pochi.

Nawe unayetengeneza vitu hivi, mtu akikuletea simu akakwambia ameona jambo, kabla hujakimbilia kufungua rekodi za ndani, kaa upande wake utazame kioo anachokitazama yeye. Orodha yako ya majaribio iwe ndefu kuliko kioo. Mwandikie na asiyedaiwa.

Programu ile bado inatumika. Wanachama wamefika 41. Wote sasa wamerudi kuja na vitabu vyao, na katibu hugonga na kukata visanduku mbele ya watu kwanza, ndipo anapowasha simu.